Barua kwa Mhariri: Ndege zilizotua Kusini zinastahili modeli zenye usahihi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake, iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa huu, ilisema kwamba kuunganisha modeli za ndege za plastiki ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima anayeinama mezani na kibanio na lenzi, akiongeza mikanda ya viti na mabomba ya mafuta katika ndege inayoenea kwenye sinia, anapoteza muda wake na wa vijana wanaomtazama. Msomaji huyo aliandika kwa heshima, nami namjibu kwa heshima. Lipo jambo moja ninalokubaliana naye, na nitalisema wazi nitakapofika mahali pake. Lakini hoja yake kuu inatokana, nadhani, na kuiona kazi hii pale inapofanywa bila lengo.

Sisi tunaoifanya hapa Mtwara ni wachache: walimu, mafundi wa redio, vijana wa vyuo vya ufundi. Tumejiwekea lengo la kutengeneza modeli za ndege zilizowahi kutua katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na lengo hilo ndilo linaloamua kipi kiongezwe na kipi kiachwe. Mtu anayetengeneza Dakota yoyote tu, ile ndege ya injini mbili ya abiria na mizigo, anaweza kuridhika na vipande alivyovikuta ndani ya boksi. Anayetaka Dakota ya East African Airways, shirika la ndege la Afrika Mashariki la wakati huo, kama ilivyoonekana Nachingwea katika miaka ya 1950 hana budi kuuliza mlango ulikuwa wa aina gani, antena zilikaa wapi, viti vilipangwaje, na vumbi lilipanda hadi wapi kwenye tumbo la ndege. Majibu ya maswali hayo hayamo ndani ya boksi, kwa sababu kiwanda kilichotengeneza seti hiyo kilikusudia kumuuzia kila mtu duniani, na hakikuwa na habari za Nachingwea.

Historia ya anga ya Kusini si ndogo, ingawa vijana wengi hawajasimuliwa. Lindi ilikuwa kituo cha ndege za majini. Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipofungua njia ya ndege-boti kutoka Southampton hadi Durban mwaka 1937, ndege hizo zilishuka Kisumu kwenye maji ya ziwa, kisha zikafuata pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, halafu zikavuka kwenda Msumbiji. Zilikuwa ndege za aina ya Short S.23, zilizoundwa Rochester nchini Uingereza, zenye injini nne za Bristol Pegasus, mabawa ya karibu mita 34.7 kutoka ncha hadi ncha, na nafasi ya abiria 24 pamoja na shehena ya barua. Ya kwanza, iliyopewa jina la Canopus, iliruka Julai 1936. Ukizijumlisha S.23 na ndugu zake wa S.30 na S.33, zilijengwa ndege 42, na leo hakuna hata moja iliyosalia, iwe katika jumba la makumbusho au kwingineko.

Nalitaja hilo kwa sababu ndege ambayo haipo tena haiwezi kupimwa upya wala kupigwa picha upya. Kilichobaki ni michoro, picha za zamani na kumbukumbu za watu, na modeli inayotengenezwa kwa kuvifuata vitu hivyo. Mtoto wa Lindi anayesimama ufukweni leo na kutazama mdomo wa Mto Lukuledi hawezi kukisia ukubwa wa chombo kile kwa kuambiwa idadi ya mita. Lakini akiwekewa modeli ya skeli ya 1:72, yaani iliyopunguzwa mara 72, yenye milimita 483 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na kando yake sanamu ya mtu wa skeli hiyohiyo mwenye urefu wa milimita 24, anaelewa papo hapo. Modeli hiyo ikikosewa madirisha, mkuku au injini, mtoto amefundishwa uongo, na hana pa kwenda kuusahihisha.

Skeli hiyo ya 1:72 ilitokana na vipimo vya Kiingereza, inchi moja kwa futi sita, na ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya Uingereza ya Frog walipotoa seti za plastiki za Penguin mwaka 1936. Hesabu yake haina ugumu, lakini ndiyo inayomnyoosha fundi: kila milimita ya plastiki ni milimita 72 za ndege halisi. Kiti cha rubani kinachotoka kiwandani na ukingo wa milimita moja ni kiti chenye ukuta wa sentimita saba, ilhali kile cha kweli kilikuwa cha bati jembamba la alumini. Mstari wa maungio uliochimbwa kwa upana wa milimita 0.2 juu ya bawa ni ufa wa milimita 14, ambao kidole cha mtoto kingeingia. Ndege yenye nyufa za namna hiyo isingepewa ruhusa ya kuondoka kiwanjani.

Kwa hiyo, na hapa naomba msomaji mwenzangu anisikilize vizuri, sehemu kubwa ya kazi tunayoiita kuongeza vitu vidogo ni kazi ya kupunguza. Watu wasioifahamu hudhani kwamba fundi hodari ni yule aliyebandika vipande vingi zaidi. Chukua ukingo wa nyuma wa bawa. Nusu ya juu na nusu ya chini zinapogundishwa, ukingo huo mara nyingi hufikia milimita moja, na jicho hulitambua kosa hilo hata kabla mtazamaji hajajua kinachomsumbua ni nini. Marekebisho hufanywa kabla ya gundi. Karatasi ya msasa wa maji namba 400 hubandikwa juu ya kipande cha kioo kilichonyooka. Nusu ya bawa hulazwa upande wa ndani ukiwa chini, vidole viwili vikikandamiza upande wa nyuma tu, na husuguliwa taratibu kwa mwendo wa duara na maji kidogo. Kila baada ya muda huinuliwa na kutazamwa kuelekea dirishani. Mwanzoni plastiki ni nzito na haionyeshi kitu. Baadaye ukingo huanza kupitisha mwanga, na hapo ndipo pa kusimama, kwa kuwa hatua moja zaidi hutafuna ukingo wenyewe na kuuacha na meno. Uso wa nje haujaguswa, mistari yake iko salama, na nusu mbili zikikutanishwa huwa na ukingo mkali kama inavyotakiwa. Hakuna kilichoongezwa. Gharama ni karatasi moja ya msasa.

Hali ni hiyohiyo kwa milango ya magurudumu, kwa midomo ya mabomba ya ekzosi, ambayo hutobolewa katikati na kukwanguliwa ndani mpaka ukuta wake uwe mwembamba, na kwa madirisha. Kijana akinijia na kuniuliza aanze na nini, humwambia aanze na unene, na asinunue chochote mpaka autawale.

Ndipo huja vitu vya kuongeza, na hapa nalijibu lalamiko la pili la msomaji mwenzangu, kwamba kazi hii ni ya wenye fedha. Ni kweli kwamba kuna makampuni, Eduard ya Jamhuri ya Czech ikiwa mojawapo ya yanayojulikana zaidi, yanayouza bamba za shaba ya manjano zilizochongwa kwa asidi, zenye dashibodi, mikanda, pedali na vizuizi vya breki vidogo kuliko punje ya mtama. Ni kazi nzuri na siwezi kuidharau. Lakini bamba la shaba lina kasoro moja ambayo bei yake haiiondoi: ni bapa. Mkanda wa kiti uliochongwa kwenye shaba hukaa mgumu juu ya kiti usipopashwa moto kwanza ili ulainike, na fimbo ya kuongozea ndege, ambayo kwa hakika ni ya mviringo, ikitengenezwa kwa bamba huonekana vizuri kutoka upande mmoja tu. Karatasi ya alumini inayofungia vyakula jikoni ina unene wa karibu milimita 0.016, ambao kwa skeli yetu ni zaidi kidogo ya milimita moja, yaani unene unaokaribiana na bati la kweli la ndege. Ukikata kwa wembe mpya utepe wa milimita 0.7 kutoka kwenye karatasi hiyo, ukaulaza juu ya kiti na kuukandamiza kwa ncha ya kijiti cha meno, hufuata mkunjo wa kiti na kuning'inia ubavuni kama mkanda ulioachwa na mtu aliyenyanyuka. Bati la kopo la soda ni nene zaidi, karibu milimita 0.1, na hilo hufaa kwa mabano na vifuniko, si kwa mikanda.

Waya wa umeme wa nyuzi nyingi, ule laini unaotumika kwenye pasi na redio, ukiuchuna hutoa nyuzi za shaba za milimita 0.2 hivi, kwa skeli hiyo ni bomba la milimita 14, ukubwa unaofaa kabisa kwa mabomba ya mafuta na haidroliki kwenye chumba cha gurudumu. Nyuzi nyembamba zaidi hupatikana kwa mafundi wa kusuka mota, ambao mabaki yao huishia kwenye ndoo ya taka. Kwa kuchora upya mstari uliofutika wakati wa kupiga msasa, sindano ya cherehani iliyochomekwa kwenye mpini wa mti hufanya kazi ambayo chombo cha kununua hakiizidi. Mpini wangu ulichongwa na fundi wa vinyago kutoka kipande cha mpingo kilichokuwa kimekataliwa kwa sababu ya ufa. Mafundi wetu wa Kimakonde wanajua kuliko mtu yeyote jinsi chombo kinavyopaswa kukaa mkononi ili kisiuchoshe wala kuteleza, na vijana wanaotengeneza modeli hupata faida kubwa wakikaa nao.

Naomba nikae kidogo kwenye ndege ya Dragon Rapide, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba undani ni suala la kujua. East African Airways ilianza kazi mwaka 1946 ikiwa na ndege sita za aina hii: ndege yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini mbili za Gipsy, rubani mmoja puani, na nafasi ya abiria wachache nyuma yake. Mwili wake ni wa mbao, na mabawa yake yamefunikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Haina bati la kupigiliwa ribiti, yaani vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha bati. Hata hivyo nimeona modeli za Rapide ambazo mafundi wake, kwa kutaka kuonyesha bidii, walichoma safu za ribiti mwili mzima kwa gurudumu lenye meno, kazi ya siku nyingi na mkono usiotetemeka, na yote ni kosa. Mafundi wengine huacha mabonde makubwa kati ya mbavu za bawa kama kiwanda kilivyoyatengeneza, ingawa kitambaa kilichokazwa vizuri hakibonyei hivyo. Mbavu zinatakiwa zidhihirike pale tu mwanga unapopita kwa upande. Msasa laini na subira huyaondoa mabonde hayo yakabaki kivuli.

Kisha kuna waya zinazoyashika mabawa. Kwenye Rapide waya hizo ndizo umbo lenyewe la ndege, na modeli isiyo nazo inaonekana kama haijamalizika. Mshipi wa nailoni wa milimita 0.12, ule mwembamba kabisa unaouzwa kwa wavuvi wa ndoana, hutoa karibu milimita tisa kwa skeli ya 1:72, na nafasi zake hupangwa kwa kufuata picha, kwa maana waya za kuyashika mabawa ndege ikiwa angani na za kuyashika ikiwa chini haziendi upande mmoja. Kabla mabawa hayajaungwa, tundu za milimita 0.3 hutobolewa kwa kekee ya mkono, za bawa la juu zikiishia katikati ya unene wake na za bawa la chini zikipita hadi upande wa pili. Uzi hushikizwa juu kwa tone la supagluu lililochukuliwa kwa ncha ya sindano, hupitishwa chini, na kibanio cha nguo huning'inizwa mwishoni mwake ili uzito uukaze. Gundi ya chini ikishakauka, uzi hukatwa kwa wembe sambamba na bawa na tundu hufunikwa kwa puti. Wapo wanaopendelea uzi unaovutwa kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya seti, iliyopashwa juu ya mshumaa, na huo una faida yake: ukilegea, kijiti cha udi kinachowaka kikisogezwa karibu bila kugusa huufanya ujikaze wenyewe. Mimi huchagua mshipi kwa sababu modeli zetu huhamishwa kutoka shule hadi shule na uzi wa plastiki hukatika kwa urahisi.

Sasa nafika kwenye jambo ninalokubaliana nalo. Msomaji mwenzangu ana haki anapouliza faida ya kutengeneza vitu ambavyo vikifungwa ndani havitaonekana tena. Wapo wanaojenga chumba chote cha abiria, safu kwa safu, wakakigundisha ndani ya mwili wenye madirisha ya milimita nne, na baada ya hapo hata tochi haisaidii. Siwakatazi, lakini siwafundishi vijana hivyo. Tunachofanya ni kuziunganisha nusu mbili za mwili kwa selotepu kabla ya kazi yoyote ya ndani, kisha kuchungulia kwa kila dirisha huku tochi ikimulika kutoka dirisha jingine, na kuweka alama ya penseli mahali jicho linapofika. Kilicho ndani ya alama hutengenezwa kwa uangalifu wote. Kilicho nje hupakwa rangi ya kijivu na kuachwa. Kwenye Fokker F27, ndege ya abiria ya injini mbili, ambayo madirisha yake ni makubwa ya umbo la yai, jicho huona migongo ya viti vya upande wa pili. Kwenye S.23 ya Lindi jicho huona zaidi, kwa sababu ndege ile ilikuwa na sehemu ya matembezi ambako abiria walisimama wakatazama nje, na reli ya kushikia mkono iliyopita mbele ya madirisha yake inaonekana. Reli hiyo ni uzi mmoja wa shaba. Asiyeijua hataiweka, na akiiweka ataeleza kwa uzi huo mmoja jinsi watu walivyosafiri zama zile.

Kuhusu ndege hiyohiyo natoa tahadhari, kwa kuwa kosa hili limeenea. Seti za plastiki za Short Sunderland, ndege ya kivita iliyotoka katika kiwanda hichohicho, zilikuwa rahisi kupatikana, na mtu huvutwa na wazo la kung'oa mizinga, kuziba mashimo na kuandika Imperial Airways ubavuni. Matokeo yake si S.23. Mwili wa Sunderland una umbo jingine, na mabawa yake yalirudishwa nyuma kidogo ili kusawazisha uzito wa mizinga ya mkiani. Anayetaka kufuata njia hiyo ajue kwamba anajenga mwili mpya na kuyapanga mabawa upya. Akiwa tayari kwa hilo, namtia moyo. Tena, ndege-boti ikionyeshwa juu ya maji haiwekwi magurudumu. Magurudumu yake yalikuwa ya kufungwa wakati wa kuipandisha nchi kavu tu na kufunguliwa ikirudi majini, na nimeyaona yakibandikwa kwenye modeli inayoelea kwa sababu tu yalikuwemo ndani ya boksi.

Hali ya hewa ya pwani yetu nayo ina masharti yake. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapotawala, vanishi ya kupulizia inayokauka haraka huvuta unyevu na kuacha ukungu mweupe juu ya rangi, kwa hiyo kazi ya kupulizia huahirishwa hadi siku kavu. Supagluu, kinyume chake, hukauka upesi mno katika unyevu, na mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo. Madirisha hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maji.

Rangi na uchakavu navyo vifuate ushahidi. Ndege iliyotua kwenye udongo mwekundu wa bara huwa na vumbi nyuma ya magurudumu, kwenye flapu na chini ya mkia, na jua huifubaza juu zaidi kuliko chini. Ndege-boti haina vumbi hilo, ila huwa na alama ya maji ubavuni na chumvi kwenye mkuku. Kuzipaka zote uchafu mmoja wa kahawia, kama wengi wanavyofanya, ni uvivu. Nyeusi ya matairi na ya mipira ya kuzuia barafu kwenye kingo za mbele za mabawa ya F27 inachanganywa na kijivu na kuachwa bila mng'ao, kwa sababu kitu kidogo kilichopakwa nyeusi kamili huonekana kama tundu.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tunashughulika na ndege za zamani tu. Hatuzishughulikii hizo tu. Shirika la Ndege Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, lilipokea ndege zake mbili za kwanza za Dash 8 Q400 mwaka 2016, na ndege za aina hiyo zimekuwa zikitua Mtwara. Rafadha zake zina panga sita zilizopinda kwa namna ambayo hakuna plastiki ya kiwandani inayoipata vizuri, na miguu yake mirefu inayotoka chini ya injini imejaa mabomba na nyaya zinazostahili kunakiliwa sasa, wakati ndege zenyewe bado ziko hai. Nafahamu kwamba upigaji picha viwanjani una masharti ya usalama, na nayaheshimu. Ninachoomba ni kwamba wahusika wa viwanja vyetu vya Mtwara, Lindi na Nachingwea wafikirie kupokea maombi rasmi ya vikundi vya wanafunzi, kwa siku na saa watakayoichagua wao, wakiwa na msimamizi, ili vijana wapige picha za gurudumu, mlango na rafadha kwa karibu. Picha moja ya chumba cha gurudumu iliyopigwa kutoka chini ina thamani kwetu kuliko kumi za ndege nzima ikiwa angani.

Ombi langu la pili ni kwa wasomaji wenyewe, na hasa familia ambazo wazee wao walifanya kazi bandarini, kwenye mashua za kupokea abiria wa ndege-boti, kwenye reli ya Mtwara na Nachingwea, katika mpango wa serikali ya Uingereza wa kilimo cha karanga ulioanza mwaka 1947, au katika mashirika ya ndege. Naamini kwamba katika masanduku na albamu za Mikindani, Lindi mjini, Masasi na Nachingwea zimo picha ambazo watu wamesimama mbele ya ndege, na wenye picha hizo huzithamini kwa ajili ya jamaa zao, kama inavyostahili, bila kujua kwamba nyuma ya bega la babu unaonekana mlango, herufi za usajili au bomba la ekzosi ambalo hatujaliona popote. Picha isitolewe kwenye albamu kwa nguvu, maana gundi ya zamani huipasua. Ipigwe picha ikiwa hapohapo, karibu na dirisha lakini pasipo jua la moja kwa moja, rula ikilazwa pembeni yake ili ukubwa ujulikane, na maandishi ya nyuma, kama yanafikika, yapigwe pia. Yule mzee aliyeipiga au aliyesimama ndani yake akiwa bado yupo, aulizwe mwaka, mahali, na rangi ya ndege, kwa sababu picha nyingi za wakati huo ni nyeusi na nyeupe na rangi ndiyo tunayoikosa zaidi. Nakala zikifikishwa katika dawati la gazeti lako, Ndugu Mhariri, nami nikaruhusiwa kuzitazama, nitaziandikia maelezo ya kila kinachoonekana na kuyarudisha kwa wenyewe pamoja na picha zao.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa uchoraji wa kiufundi,
Shangani, Mtwara.